Si-on Bado Hajachagua

...achukue brashi basi, brashi hiyo hapo mbele ya goti lake, iko karibu kuliko vyote, hata kipofu angepapasa akaipata, lakini mtoto amekaa kama mzee wa baraza aliyesikiliza kesi tangu asubuhi na hajaridhika na upande wowote, kofia yake nyeusi ya hariri imemlalia sikioni, mikono juu ya mapaja, macho yanazunguka polepole, na kanisa zima limemzunguka hapa kwenye ukumbi wa kulia chakula, simu juu, midomo wazi, "Shika pesa! Si-on, shika pesa, baba!" huyo ni Shemasi Noh mwenye duka la mbolea, kila mtoto yeye humwambia ashike pesa, na wanawake wa jikoni wametoka na aproni zao zinazonuka mafuta ya ufuta, "Uzi, mjukuu wangu, shika uzi uishi miaka mingi," na Mal-sun, bibi mzaa mama wa mtoto, aliyejichagulia nafasi ya karibu kabisa hata goti lake bovu linagusa mguu wa meza hii fupi ya sakafuni, anatabasamu kwa meno yote, ya kwake na ya kununua, huku moyoni anasema chukua, kijibwa cha bibi, kipenzi, chukua brashi kabla sijazirai kwa aibu mbele ya hawa watu... maana mtoto akitimiza mwaka huwekewa vitu mezani, na anachokishika kwanza ndicho kitakachomshika yeye maisha yake yote, ndivyo walivyosema wa kale, uzi ni umri, mchele ni shibe, noti ni utajiri, nyundo ya mbao ni ujaji, brashi ya wino ni elimu, na mchungaji anasema huu ni mchezo tu, tusiutie imani, mchungaji huyohuyo ambaye mwanawe alipochukua Biblia alilia machozi, Biblia yenyewe ilikuwa imewekwa mezani pamoja na kijiko tu, mtoto angechukua nini kingine... mchezo, naam, mchezo ambao watu wanaukumbuka miaka thelathini, mpaka leo kijijini wanajua nani alichukua nini, "Si ajabu huyo anakula sana, alichukua mchele," na huyu wa kwetu hachukui kitu, anatazama, atakuwa nani sasa, mtazamaji?

"Labda hajaamka vizuri," anasema Ok-bun kwa sauti tamu, na utamu huo Mal-sun anaujua tangu walipokuwa wasichana wakisukuma mbao za kusererea juu ya matope ya pwani, goti moja kwenye ubao, mguu mmoja nyuma ukipiga tope, wakichimba kombe katika baridi ya kukata masikio, Ok-bun wakati wote mbele kidogo, Ok-bun kikapu kimejaa kwanza, halafu anageuka na sauti hiyohiyo, "Wewe leo labda umechoka, Mal-sun," na kumbe si kuchoka, ni kwamba mikono ya Ok-bun ilizaliwa mirefu, basi... na sasa Ok-bun ana mjukuu, Tae-o, na Tae-o anatembea, hajatimiza mwaka hata, sikukuu yake ni wiki mbili mbele, na anatembea humu ukumbini kama mkaguzi wa afya, anapita katikati ya miguu ya watu, ameshanyakua mkate wa mchele kwenye sahani ya mtu, ameshavuta kitambaa cha meza ya tatu, na kila anapopita kuna mwanamke anasema "Lo, mtazame Tae-o!" katika sikukuu ya Si-on, katika siku ya Si-on, Tae-o ndiye anayetazamwa, na yule mke wa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kunong'ona inayofika mpaka barabarani, ameshamuuliza jirani yake, "Huyu wa Mal-sun bado hasimami?" bado, mama, bado hasimami, anakaa vizuri, anatambaa pia, ingawa anatambaa kinyumenyume, akitaka kitu anakifuata kwa makalio na kwa hiyo kila siku kitu kinazidi kuwa mbali, mtoto wa watu anarudi nyuma mpaka anakwama chini ya kabati analia, na Mal-sun anamvuta miguu anamtoa, anamwambia mbele ni huku, we mtoto, mbele ni huku... hapana, kutembea hawezi kumshinda Tae-o, hilo limeshapita, ndiyo maana ikabaki brashi.

Ndiyo maana ikabaki brashi, na Mungu anajua, maana jikoni alfajiri walikuwa Yeye na Mal-sun tu, alipochovya kidole kwenye chungu cha asali ya mchele, ile nzito ya kahawia aliyoipika mwenyewe kwa kimea, akaipaka kwenye manyoya ya brashi, akayapuliza yakauka kidogo yasing'ae... na si leo tu, majuma mazima, Mi-ryong bintiye akienda kuoga Mal-sun anatoa brashi chini ya godoro, brashi mbele ya pua ya mtoto, akiishika tu, kidole cha asali mdomoni, akiiacha, hakuna asali, kama wale watu wa sarakasi wanavyofundisha mbwa, na mtoto alijifunza vizuri, jana tu aliikamata kwa mikono miwili akacheka, lakini jana walikuwa wawili chumbani, leo kuna watu mia na sauti mia, na yeye wala haangalii meza, anaangalia... anaangalia nini huyu? dirishani? kichwani kwa Shemasi Noh? kweli kile kipara kinang'aa, lakini si siku yake... na kwa nini brashi, mtu angeuliza, kwa nini usimpake asali noti au nyundo, basi aulize ajibiwe, kwa sababu baba yake Mal-sun alimpa jina lenye maana ya mwisho, yaani Mungu umesikia, huyu awe msichana wa mwisho, tuletee wa kiume, na wa kiume alipoletwa ndiye aliyepelekwa shule, na nani alimbeba mgongoni mpaka shule kwenye matope ya masika? Mwisho ndiye alimbeba, akamtua mlangoni, akasimama chini ya dirisha akisikia watoto wakiimba herufi, akarudi nyumbani na wimbo usio na maandishi, na Ok-bun alikuwa ndani, Ok-bun alimaliza darasa la sita, ndiye anayesoma somo kanisani Jumapili akiweka kituo mahali pake, miaka hamsini Mal-sun amemsikiliza akiweka kituo mahali pake... yeye herufi alizipata na mvi kichwani, kwenye darasa la wazee hapahapa ukumbini, anafuata Zaburi kwa kidole, akifika mwisho wa mstari ameshasahau mwanzo, lakini anasoma, hahitaji tena wa kumsomea... basi achukue brashi, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake, uongo, kwa ajili yangu, chukua.

"Mama." Sauti ya Mi-ryong, chini, nyuma ya mtoto, kwa sababu mkono wa Mal-sun umeshaondoka gotini bila ruhusa, uko pembeni ya meza, vidole viwili tayari viko kwenye mpini wa brashi, kuisogeza tu, kidogo, kama mtu anayenyoosha kitambaa, na Mi-ryong amemshika mtoto kiunoni asianguke na anamtazama mama yake kwa macho yale ya juzi... yale ya juzi Mal-sun hataki kuyakumbuka lakini hayo, yamekuja, juzi alipomsimamisha mtoto kwenye kabati la nguo, akamshika magoti yasikunje, akamwambia, kwa utani, ilikuwa utani, "Tae-o anakimbia, na wewe? Huoni haya? Miguu yako ni ya mapambo?" na mtoto akacheka, mtoto anacheka kwa kila kitu, na mlangoni Mi-ryong amesimama na taulo kichwani, hakupiga kelele, afadhali angepiga kelele, alisema, "Mama, mimi nililelewa hivi. Nina miaka arobaini na moja na mpaka leo nikinunua hata koti najiuliza watoto wa Ok-bun wamevaa nini. Huyu hapana," akasema, "Ukimpima na mtoto wa mtu mara moja tena, nafungasha, tunarudi Incheon, utamwona kwenye simu," na Mal-sun akajibu alichojibu, akasema nendeni, nani amewazuia, nimeishi peke yangu tangu baba yako afe na sikufa, akaenda nje akawasha moto chini ya sufuria isiyo na kitu... kwa sababu angekwenda kweli, Mi-ryong si mtu wa vitisho, katika hilo ni mtoto wa mama yake, angefungasha mbeleko na chupa na kofia, na nyumba ingerudi kuwa ile ya kabla, sauti ya friji na ya saa, na bibi akimpungia mkono mtu mdogo ndani ya kioo cha simu, na kioo si kitu kigeni kwake, Si-on mwenyewe alimwona kwanza ndani ya kioo kabla hajamgusa.

Hilo nalo hataki, lakini akili ni kama mbwa wa jirani, hufukua ulichozika wewe... miaka kumi na moja Mi-ryong alikaa bila mtoto, kumi na moja, na kila mwaka Mal-sun alinunua mwani mpana usiovunjika, ule wa supu ya mzazi, maana mwani wa mzazi haukunjwi wala haukatwi, muuza duka huufunga mzimamzima kwa kamba, akaurudisha nyumbani chini ya kwapa kama mtu aliyebeba mkeka, akautundika, mwaka ukapita, akaula mwenyewe, akanunua mwingine, na kila alfajiri ibadani, giza bado, viti baridi, wengine wanalia kimyakimya na yeye anabishana na Mungu kama mchuuzi wa samaki, mbona fulani amepata, mbona mkwe wa Ok-bun amerudi fungate na mimba kama mtu aliyerudi sokoni na nyanya, na Ok-bun akamshika bega akasema, "Subira yavuta heri, Mal-sun," heri ipi, inavutwa kwa kamba gani, kamba yenyewe imeoza... kisha Mi-ryong akapiga simu, Mama kaa chini, akakaa, akasimama, akakaa, mimba imeshika, na badala ya kushukuru akanyamaza kama watu wenye akili, alifanya nini Mal-sun, alihesabu, akakuta mtoto wa mkwe wa Ok-bun atatangulia, mwezi na kitu, yaani hata hapa, hata baada ya miaka kumi na moja, Ok-bun mbele kidogo na kikapu kimejaa kwanza, na akapiga magoti kanisani, hapo ghorofani juu ya ukumbi huu, kwenye benchi la nne upande wa madirisha, akasema haraka, Bwana, umekawia sana na sisi, basi safari hii fanya haraka, wa kwetu atangulie, akasema hivyo kwa kinywa chake, si mara moja, haraka, Bwana, haraka... na wa kwetu alitangulia. Wiki saba kabla ya wakati wake. Wiki mbili kabla ya Tae-o. Alikuja haraka kama alivyoombewa, mtoto njiti wa uzito wa kuku wa sikukuu, hana kucha, hana mafuta, ngozi unaona mpaka ndani, akatiwa kwenye sanduku la kioo na mirija puani, na walipomruhusu bibi kuingia, amevishwa joho la karatasi na kofia, kulikuwa na masanduku mengi mle, yote yana vitu vidogo vyekundu vinavyofanana, muuguzi ameitwa kwingine, na Mal-sun akasimama katikati, hamjui mjukuu wake ni yupi... akaenda sanduku kwa sanduku, kidole kwenye kibandiko, anafuata herufi moja moja kwa midomo kama anavyofanya kwenye Zaburi, huyu siye, huyu siye, mpaka kidole kikafika Mto-to-wa-Mi-ryong, akasoma tena, akasoma mara ya tatu, na hajawahi kumwambia mtu kwamba katika kusoma kwake kote, Zaburi na kila kitu, hilo ndilo neno la kwanza lililomlipa hata senti moja kwa uchungu wa kujifunza herufi zile, zilizochelewa zikafika siku hiyo, si kabla wala baadaye... na mle ndani ya kioo mkono ulikuwa mdogo kama jani la chai, umefungwa kushikilia sindano, ukafunguka, ukafumba, na Mal-sun, mwenye mdomo ambao watu wa soko zima wanaukwepa, hakupata la kusema ila apumue, apumue tu, Baba, sitaongeza lingine, usiku kucha kwenye kiti cha plastiki, apumue, sitaongeza... na sasa tazama, anapumua, anapumua kwa raha zake mbele ya meza, tumbo linapanda na kushuka chini ya hariri, na bibi ana orodha: atembee, asimame, achukue brashi, amshinde Tae-o, na daktari yule kijana aliwaambia wakati wa kutoka, "Bibi, msimhesabu tangu siku aliyozaliwa, mhesabuni tangu siku aliyopaswa kuzaliwa," naye akamjibu, "Sisi hapa mtoto siku ya kuzaliwa tu tunamhesabia mwaka mmoja, wewe unatupunguzia tena miezi?" wauguzi wakacheka, yeye akaona ameshinda, sisi tunaongeza mwaka, daktari anapunguza miezi, na mtoto katikati yupo palepale alipo, hakuna aliyemuuliza.

"Haya, haya, anakuja mwingine!" na ukumbi unaangua kicheko, Mal-sun anastuka, nini, ni Tae-o, Tae-o amepenya kati ya aproni mbili, anakuja kwa hatua zake za mlevi, miguu imeachana, mkono mmoja bado na mkate, anafika mezani, anapita uzi, anapita noti, anashika brashi... anashika brashi, iko chini ya vidole vya bibi wa watu na anaichomoa kama kitunguu shambani, anaitia mdomoni. Watu wanapiga makofi. "Profesa! Tae-o profesa!" anapiga kelele Shemasi Noh, "Hata siku yake haijafika, ameshachukua shahada!" na mtoto ananyonya, ananyonya yale manyoya kwa bidii ya mtu aliyepata kazi, anafumba macho, asali ya Mal-sun, kimea cha Mal-sun, kuni za Mal-sun, kwa profesa wa Ok-bun, na Mal-sun anataka ardhi ipasuke, kisha anataka ipasuke chini ya Ok-bun tu, kisha, bila kutarajia, kitu kinamtekenya chini ya mbavu, kicheko, anakizuia, kinapita puani... Ok-bun amekwisha fika, amepiga magoti na miguno yake, "Tae-o, toa, toa mdomoni, hiyo si ya kula," anaivuta, mtoto hataki, anaivuta tena, inatoka na sauti kama kizibo, na Ok-bun anatazama vidole vyake vinavyonata, ananusa, analamba kimoja... Mal-sun anatazama kipara cha Shemasi Noh.

"Mal-sun we," anasema Ok-bun, kwa chini, wala si kwa ile sauti tamu, sauti ya matopeni. "Hii umeichemsha kupita kiasi. Inanata sana."

"Nyamaza."

"Mimi nilifikiri kupaka nyundo. Ya kwetu, ile ya wiki mbili zijazo. Nikaogopa mkwe wangu atanusa." Anaipangusa brashi kwenye sketi yake, anairudisha mezani, anamvuta Tae-o mapajani, mtoto anajinyonga, anataka kushuka, na Ok-bun anamwachia kwa kuchoka. "Chukua kutembea kwake, ukitaka. Nakupa bure. Unadhani amefundishwa? Mama yake karudi kazini Seoul, baba haonekani, mgongo wangu umekwisha, daktari kanikataza mbeleko, sasa hana wa kumbeba, angefanyaje? Shida ndiyo imemtembeza. Wa kwako huyu atatembea lini, na mguu haujawahi kugusa sakafu? Kila ninapokuona kifurushi kiko mgongoni. Sokoni, mgongoni. Kanisani, mgongoni. Unapika, mgongoni. Utamshusha siku ya harusi?"

...na Mal-sun anajua ni kweli, ndiyo hivyo, amembeba, tangu alipotolewa kwenye kioo amembeba kama anayeogopa sakafu itamrudisha mle, na joto lile mgongoni, pumzi ile shingoni, nzito akilala, nyepesi akiamka, hakuwahi kuiweka kwenye hesabu, hakuwahi kusema Tae-o anatembea lakini Si-on anabebwa, kumbe huyo mwenye miguu amekosa mgongo, na huyo mwenye mgongo hana haraka ya miguu, na nani kati yao ametangulia, atangulie kwenda wapi, nani anawangoja huko mbele... yeye alimharakisha mara moja. Mara moja aliomba haraka na haraka nusura imzike mtoto, au hakuomba vile wala Mungu hakumsikiliza, Mungu hasikilizi upuuzi wa wivu alfajiri, mtoto alikuja kwa sababu zake mwenyewe zinazojulikana kwa daktari, sawa, lakini hata hivyo, mwanamke aliyewahi kukaa usiku kucha kwenye kiti cha plastiki akisema sitaongeza lingine, anapaka brashi asali kwa nini? anamharakisha tena aende wapi? Yule aliyekawia miaka kumi na moja, yule aliyewahi wiki saba, hakuja siku hata moja kwa saa ya bibi yake, na bado yupo, yupo hapo, ana kofia sikioni, na aliyemshika mle ndani ya kioo, wakati mkono wa bibi hauruhusiwi kupita, hakuwa Mal-sun, basi huyo aliyemshika anajua kuhesabu, mwache ahesabu Yeye, kichwa cha Mal-sun hakikupelekwa shule...

"Bibi!" anaita Shemasi Noh, simu juu, mkono umechoka, "Bibi mwenyewe, msogezee basi kitu, chochote! Supu inapoa!" na wengine wanaitikia, "Msaidie kidogo, bibi! Kidogo tu!" wote wanacheka, wote wanamtazama yeye sasa, ruhusa imetolewa hadharani, si wizi tena, na Mi-ryong amemshika mwanawe kiunoni na anamtazama mama yake, hana hasira, ni mbaya kuliko hasira, anangoja aone, kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba na hajui kama afunge au afungue... na vidole vya Mal-sun viko palepale, pembeni ya meza, ncha ya kidole kwenye mpini wa brashi, na mtoto angeichukua, anaijua harufu, angecheka akaishika kwa mikono miwili kama jana, na ukumbi ungepiga makofi, na Ok-bun angepiga makofi pia, akijua...

Anaondoa mkono. Hajui auweke wapi, mkono wa kazi hauna mahali pa kukaa bure, mwishowe anaukalia, anauweka chini ya paja kama mtoto aliyekatazwa, na anasema, kwa ile sauti ya sokoni iliyowahi kufukuza wanunuzi wawili na mbwa mmoja, "Kelele zenu! Mmemwekea vitu kumi na hamjampa nafasi ya kutazama kimoja. Mwacheni. Wenye njaa wakale."

"Na asipochukua kitu je?" anauliza mke wa mzee wa kanisa.

"Basi atakuwa hajachukua."

Hakuna anayekwenda kula. Mtu mmoja anacheka, mwingine anasema huyo ndiye Mal-sun, Mi-ryong ameinamisha uso kwenye kofia ya mwanawe na mabega yake yanatikisika, kama ni kicheko au kile kingine Mal-sun hataki kujua sasa hivi, na Tae-o amegundua viatu vya watu mlangoni, Ok-bun anamfuata ameshika kiuno, na Si-on amekaa vilevile, mikono juu ya mapaja, hajachukua uzi, hajachukua mchele, hajachukua brashi, macho yake yanakwenda polepole kutoka kitu mpaka kitu, yanapanda, yanashuka... anatazama nini huyu, na Mal-sun, goti likilalamika, anainama, anashusha kichwa mpaka shavu lake linakaribia kugusa ukingo wa meza, mpaka macho yake yanalingana na macho ya mtoto, kitambaa chekundu cha meza, mikate ya mchele imepangwa juu kama kilima na mvuke bado unatoka, noti imejikunja pembe, nyuma yake miguu na miguu ya watu, soksi zenye matundu za Shemasi, nyuso juu kabisa mbali zikiwa zimefunguka midomo, na jua la saa saba limeingia chini ya meza, na kweli, kutoka huku chini, kulikuwa na mengi ya kutazama.